Unaanza kazi ya utafiti wa macho Nairobi? Fikiria kwanza mshiriki kurudi

Kwako wewe uliyepata nafasi ya kusaidia utafiti wa macho hapa mjini au jirani yake, iwe ni Hospitali ya Kenyatta, Hospitali ya Kikuyu au kliniki ya kaunti: utafundishwa mashine, utafundishwa fomu, lakini kuna jambo ambalo hupewa dakika chache mno. Jambo hilo ni mshiriki kurudi.

Chukua utafiti ulioongozwa na Dkt. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu saratani ya utando wa juu ya jicho, ule uvimbe wa kwenye weupe unaowasumbua sana watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na ambao miale ya jua nayo huuchochea. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Wagonjwa wote walifanyiwa upasuaji, kisha wakagawanywa kwa nasibu, yaani kama kwa kura: 49 wakapewa matone ya fluorourasili, dawa ya saratani, mara nne kwa siku kwa wiki nne, na 49 wakapewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, uvimbe ulikuwa umerudi kwa 5 kati ya 47 waliotumia dawa, na kwa 17 kati ya 47 ambao hawakupata dawa.

Tazama hizo 47. Mwaka mzima, katika nchi ambayo watu huhama nyumba kodi ikipanda, waliopotea ni wanne tu. Wangepotea ishirini, nani angejua kama ni wale waliopona wakaona hakuna haja ya kurudi, au ni wale ambao uvimbe uliwarudia wakakata tamaa? Jibu lisingekuwa na nguvu, na daktari anayempasua mgonjwa leo asingekuwa na la kumwambia.

Kule Nakuru, watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho kati ya 2007 na 2008. Timu iliporudi 2013 na 2014, iliweza kuwapima tena takriban nusu yao. Wengine walikuwa wamefariki, wengine wamehama. Utafiti ule umetufundisha mengi sana, lakini miaka sita ni mingi, na kila asiyeonekana huacha swali.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiandike namba moja ya simu ukaridhika. Laini hubadilishwa. Omba namba ya mtoto, ya jirani, ya mtu wa kijijini, kwa sababu mgonjwa wa Nairobi akizidiwa mara nyingi hurudi kwao. Anwani iandike kama watu wanavyoielekeza: steji ya kushukia, kinu cha unga, rangi ya geti. Nauli irudishwe siku hiyo hiyo, siyo mwisho wa mwezi. Na mtu aliyetoka Kitengela alfajiri asikae kwenye benchi hadi saa nane. Huyo hutamwona tena, na atakuwa na haki.

Ridhaa nayo ina ugumu wake katika kazi yetu. Unampa karatasi mtu ambaye amekuja kwa sababu haoni! Msomee fomu yote, polepole, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, kabla ya kidole gumba kugusa wino. Ifanye kabla ya matone ya kupanua mboni, maana baada ya hapo hata mwenye macho mazuri hawezi kusoma maandishi ya karibu kwa saa kadhaa. Kuhusu ile kura ya kugawa dawa, mwambie wazi: "Mama, mimi sijui chupa yako ina nini, na daktari naye hajui." Nimeona watu wakielewa vizuri kabisa wakielezwa hivyo. Vibali vya kamati ya maadili na vya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, msimamizi wako atakuonyesha. Usimguse mshiriki kabla havijatoka.

Sasa kupima uwezo wa kuona. Watu huidharau chati ya E, ile yenye herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, kwa sababu ni karatasi tu ukutani, ilhali matokeo mengi yanategemea hiyo. Pima umbali kwa utepe, usikadirie kwa hatua. Jicho moja kwa wakati, na mgonjwa alifunike lingine kwa kiganja. Akitumia vidole atachungulia katikati yake, na akikandamiza, jicho hilo litaona ukungu zamu yake ikifika. Kama ana miwani ya mbali, aivae. Akishindwa, mpe kikinga chenye tundu dogo: akiona vizuri zaidi kupitia tundu, huenda anahitaji miwani tu. Haya yote yafanyike kabla ya matone na kabla ya kummulika na taa kali. Na usimhimize mmoja "jaribu tena, mzee" halafu mwingine ukamwacha aseme haoni. Himiza wote sawasawa, la sivyo unachopima ni huruma yako.

Ukipewa orodha ya washiriki wiki yako ya kwanza, anza na wale ambao tarehe yao ya kurudi imepita. Piga simu asubuhi, jitambulishe, uliza hali ya jicho kabla ya kuuliza kwa nini hakuja. Ukisikia jicho linauma au limeanza kufifia, mwite daktari kwanza. Fomu utaijaza baadaye.