Faili halifutiki? Usikimbilie kuformati flashi, angalia jina kwanza

Wanaonijua hapa Nyegezi wanajua kazi yangu, steshenari ndogo, kuprinti, kuskani, kupiga Windows, na wanafunzi wakianza kukabidhi ripoti ndo hatulali kabisa. Sasa kuna jambo watu wanaliwa hela bure na leo nataka tuliseme. Ukiona folda inagoma kuitwa CON, PRN, AUX au NUL, au una faili lenye jina hilo kwenye flashi halifunguki halifutiki, hicho sio kirusi jamani. Mtu akikwambia lete elfu tano tuformati, chukua flashi yako uondoke.

Juzi kati alikuja dada mmoja anasoma unesi, kapewa noti na mwenzie anayetumia Mac, ndani kuna faili linaitwa PRN.docx. Kwao kwenye unesi PRN ni dawa anayopewa mgonjwa pale anapoihitaji tu, kama ya maumivu, kwahiyo jina liko sawa kabisa na Mac ililikubali bila shida. Kufika kwenye Windows likagoma. "Kaka nisaidie, nimeambiwa flashi imekufa." Haijafa dada, ila kwa Windows PRN ni printa.

Hii stori ni ya zamani sana. Miaka ya 70 Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Gary Kildall alitengeneza mfumo wa kompyuta ndogo unaitwa CP/M, na humo vifaa vilipewa majina mafupi, CON ni kibodi na skrini, LST ni printa, ukitaka kutuma kitu kwenye printa unaandika jina lake na nukta mbili mwishoni basi. Tim Paterson alipotengeneza mfumo wake mwaka 1980, ule ambao Microsoft waliununua ukawa DOS ya kompyuta za IBM za 1981, ndo mama wa Windows, aliifuata sana CP/M, na majina ya vifaa yakaja nayo, ila sasa hata ile nukta mbili haikuwa lazima. CON, PRN, AUX ya waya wa data, NUL ya kutupa kitu kisionekane tena, baadae zikaja COM na LPT zenye namba.

Kumbuka DOS ya kwanza haikuwa na folda. Kabisa. Mafaili yote yanakaa sehemu moja kwenye diski, kwahiyo jina la kifaa likikaa humo humo hakuna aliyeona tatizo. Folda zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, na hapo wangeweza kufanya kama Unix, mfumo mwingine wa kompyuta, ambayo vifaa vyake vina folda yao maalum inaitwa dev na huku kwingine upo huru, lakini watu walishaandika programu kibao zinazoita PRN na NUL moja kwa moja, ukiyahamisha hayo majina programu zote zinakufa. Wakaamua majina yafanye kazi ndani ya kila folda. Ndo ikabaki hivyo mpaka Windows 10, Windows 11 ndo imelegeza kidogo. Ni kama pale soko la samaki la mwaloni Kirumba, ukimwambia kijana peleka hawa samaki kwenye mizani ataenda kwenye mizani, hata kama una mtumbwi wako umeuandika Mizani ubavuni.

Na kwanini kwenye Windows 10 na za nyuma hata PRN.docx inagoma wakati ina docx? Kwasababu programu nyingi za enzi hizo zilikuwa zinabandika kiishio zenyewe, unaiambia andika matokeo NUL yenyewe inaandika NUL.LST (hapa LST ni kiishio tu, sio ile printa), ikabidi mfumo usiangalie kinachofuata baada ya nukta. Herufi kubwa ndogo haijalishi.

Kuna ile meseji ya kuforwadi ilizunguka sana, eti huwezi kutengeneza folda ya CON na hata Bill Gates hajui kwanini. Uongo mtupu, imeandikwa kwenye maelekezo ya Microsoft wenyewe. Ila cha kweli kwenye Windows 95 na 98 ukiandika C:\con\con mashine ilikuwa inaganda skrini ya bluu, wakatoa dawa yake mwaka 2000.

Ukitaka kuona kwa macho fungua ile skrini nyeusi ya cmd, andika copy con salamu.txt bonyeza enta, andika chochote, halafu Ctrl na Z, enta tena. Umetengeneza faili kutoka kwenye kibodi, kwasababu CON ni kibodi yako.

Sasa dawa. Kama unalihitaji faili, chomeka flashi kwenye Mac au kompyuta yenye Linux kama Ubuntu, badili jina, imeisha, yule dada tulifanya hivyo na noti zake zote zikatoka. Kama ni la kutupa, kwenye cmd andika

del "\\?\E:\PRN.docx"

na kama ni folda

rd "\\?\E:\AUX"

hiyo E badili iwe herufi ya flashi yako. Ile mikwaju na alama ya kuuliza ndo inaiambia Windows isilichunguze jina, ifuate tu lilivyoandikwa. Rd inafuta folda tupu, toa vilivyomo kwanza.

Vijana wa programu na nyie mnahusika, ukiita faili lako aux.c kwenye Linux mwenzako wa Windows akilivuta linaweza kumgomea.

Kuhusu majina mapya, PRN dawa.docx inakubali, PRN_dawa.docx inakubali, ila PRN.dawa.docx hapana, maana Windows 10 na za nyuma zinaangalia mpaka nukta ya kwanza tu. Con ya construction andika neno zima. COM1 mpaka COM9 zimeshikwa, COM10 tumia tu haina neno.