Mbuzi Inayokuna Yenyewe: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Riwaya za Mazingaombwe

Mwezi huu tuliomba maswali kuhusu riwaya nyepesi za mazingaombwe, zile ambazo maajabu hutokea jikoni, dukani na pwani, na msomaji hutabasamu badala ya kuogopa. Barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoziandika wenyewe, na hilo limetufurahisha sana. Tumechagua tano.

Assalaamu alaykum. Niko kidato cha tatu, Chake Chake. Naandika hadithi ya kijana mchawi anayewasaidia majirani kwa uchawi mdogo mdogo. Nilipomsomea bibi ukurasa wa kwanza alinyanyuka, akasema mambo hayo hayasomwi ndani ya nyumba yake. Niiache?

Waalaykum salaam, mwanetu. Usiiache. Bibi hakuikataa hadithi, amelikataa neno. Kwetu visiwani, na Pemba zaidi, mchawi si mtu mwenye ujuzi wa ajabu. Ni mtu anayemdhuru mwenzake kwa siri. Neno hilo likimwangukia mtu kijijini huvunja ndoa na kuzima salamu. Sasa wewe umeanza nalo mstari wa kwanza, halafu unamtaka bibi acheke. Wafasiri wengi hukosea papo hapo: mwandishi wa Kiingereza amemchora mzee msahaulifu mwenye kofia ndefu, mfasiri akaandika "mchawi", na msomaji wa Wete akamwona mtu wa kumkimbia.

Lugha yetu ina maneno mengi hapa, na kila moja lina mzigo wake. Mganga hutibu, na waganga wapo, wana wateja wao na vyetezo vyao. Ukimfanya wa kuchekesha utakuwa unamgusa jirani wa mtu. Sihiri ni neno la dini, lina hukumu ndani yake. Muujiza ni wa mitume na karama ni ya mawalii, kwa hiyo yaache mahali pake. Mpiga ramli na mnajimu hutazama yatakayokuja, hawageuzi kitu. Kiinimacho na mazingaombwe ni mepesi zaidi, maana mtu akiyasikia anajua kuna mchezo.

Ushauri wetu ni neno fundi. Tuna fundi cherehani, fundi saa, fundi baiskeli. Basi mwite kijana wako fundi upepo, au fundi kufuli, au fundi vivuli. Neno hili lina heshima ya kazi, lina bei ya kupatana, lina mteja anayerudi kulalamika kwamba kitu kimeharibika tena. Na kwa kuwa anayeongoza ngoma za pepo naye huitwa fundi, bado limebaki na kivuli kidogo cha siri.

Pitia mswada wako ufute "mchawi" kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu: kinywani mwa yule anayemchukia kijana, siku atakapomtuhumu mbele ya watu. Hapo neno litashuka kwa uzito wake wote, na sura nzima itasimama juu yake. Kisha msomee bibi tena, mchana, baada ya chakula.

Ndugu wahariri, fundi wangu anaweza kila kitu, na kufikia sura ya tatu hadithi imekwisha. Nimemletea adui mwenye nguvu kuliko yeye, ikawa vita tupu na kicheko kikapotea. Mwandishi, Mji Mkongwe.

Kaka, usiongeze adui, punguza uwezo. Kinachoibeba riwaya ya aina hii ni bei ya maajabu. Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo unamuuma. Sharti ni hilo moja, halina ruhusa ya kuruka hata usiku mmoja, na kwa sababu hiyo siri inafika kwa mfalme na kisa kinafunguka. Yake ni hadithi nzito, lakini chombo hicho hicho hufanya kazi hata kwenye kitu kidogo kabisa.

Tuchukue mbuzi ya kukunia nazi. Unaijua: kigoda cha mbao cha kukunja, mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno, chini pamewekwa chano. Fundi wako ameitia amri ikune yenyewe. Kabla hujaandika mstari mwingine, jibu mambo manne: inaanzaje, inakula nini, inakoma vipi, na nani analipa.

Inaanza mtu akiikalia na kuinuka mara tatu, kisha akiiambia "kuna". Inakula nazi, na nazi zikiisha inatafuta chochote cha mviringo na kigumu kilicho karibu: boga, kifuu kilichokwisha kukunwa, kofia ya babu iliyovikwa juu ya mtungi ikauke. Inakoma pale tu aliyeianzisha atakapoikalia tena. Na aliyeianzisha ni shangazi, aliyetoka kwenda soko la Darajani kununua samaki.

Sasa fanya hesabu, kwa sababu kicheko kinakaa kwenye hesabu. Tuseme mbuzi hii inamaliza nazi moja kwa dakika. Shangazi akikawia saa moja, na kwa Darajani saa moja si kitu, anakuta nazi 60 zimekunwa. Kwa joto letu nazi iliyokunwa haingoji. Ikiachwa tangu asubuhi, jioni imeshachacha. Kwa hiyo lazima ikamuliwe leo hii, na tui la nazi 60 hakuna wali utakaolimaliza. Itabidi lipikwe mafuta. Mafuta yanataka sufuria kubwa ambayo iko kwa jirani asiyesemeshwa tangu Idi iliyopita, yanataka kuni, yanataka mtu wa kukoroga bila kuondoka mpaka maji yakauke na mafuta yapande juu. Chicha inajaza ua mzima, kuku wa mtaa wanakuja. Vifuu 120 vimerundikwa mlangoni, na mzee wa kutengeneza pawa na kata anapita akidhani ameitiwa kazi.

Umeona? Hakuna adui hata mmoja. Amri moja ndogo imeleta ugomvi wa zamani, deni, umati na harufu, na kila kimojawapo ni sura. Ndiyo maana tunasisitiza ujue jiko lako vizuri kuliko unavyojua mazingaombwe. Asiyejua kwamba nazi huchacha hawezi kukiandika kisa hiki.

Kosa kubwa tunaloliona katika miswada ni amri inayogoma bila sababu: "siku hiyo haikufanya kazi." Msomaji hujiona amedanganywa, na ana haki. Amri ifanye kile hasa ilichoambiwa, neno kwa neno, siku zote. Kosa liwe la aliyeitamka. Shangazi alisema "kuna" na hakusema kiasi gani.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, Wete. Nianze na vitabu gani kwa wanafunzi wanaopenda hadithi hizi?

Mwalimu, anza na Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, kisha hekaya za Abunuwasi. Abunuwasi hana mazingaombwe, lakini anawafundisha watoto jinsi neno moja linavyoweza kupindua hukumu, na hicho ndicho kiungo cha aina hii ya riwaya.

Kwa Kiingereza, Terry Pratchett wa Uingereza aliandika riwaya 41 za mfululizo wa Discworld, ya kwanza ikatoka 1983 na ya mwisho 2015. Si lazima kuzifuata kwa mpangilio. Kwa watoto, shika The Wee Free Men ya 2003, ambamo msichana wa miaka tisa anapambana na zimwi la mtoni kwa kikaango. Pia ipo Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones, ya 1986. Ndani yake kuna mlango wenye kishikio cha mbao cha pande nne, kila upande una rangi yake. Ukigeuza rangi, mlango ule ule unafungukia mahali pengine. Lugha ya vitabu hivi itawashinda darasa la sita wakisoma wenyewe, kwa hiyo wasimulie sura moja kwa Kiswahili, halafu uwaulize: mlango wa skuli yetu ungekuwa na rangi nne, ungefungukia wapi? Waandike nusu ukurasa, isizidi.

Kaka yangu ni mvuvi hapa Paje. Nilimsomea pale fundi wangu anaposimama ufukweni adhuhuri, siku ya mwezi mwandamo, bahari imejaa hadi miguuni pake. Alinikatiza, akasema sijui bahari. Lakini hii si hadithi ya kubuni tu?

Ni ya kubuni, dada, na kaka yako ana haki. Msomaji yuko tayari kuamini kwamba mtu anaweza kuiamuru bahari. Hayuko tayari kuamini bahari isiyo ya Paje. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne au tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi. Adhuhuri ya siku hiyo maji ndiyo kwanza yanarudi, na akina mama wa mwani wanatoka huko mbali na magunia yao kichwani. Baina ya kujaa na kupwa ni saa sita na kitu, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina baina ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Juma moja baadaye ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Andika ratiba hiyo kwenye karatasi, uibandike mbele yako, kisha ndiyo umruhusu fundi aivunje. Kwa mfano, ameazima saa moja ya kupwa ili mama mmoja amalize kufunga kamba zake za mwani. Kuazima si kupewa, lazima airudishe. Na bahari haichagui siku: inaidai saa yake siku ambayo watu wamealikwa harusini ng'ambo ya hori, viatu mkononi. Kaka yako hatakatiza hapo. Msomee pia pepo zako: kaskazi ni kuanzia Disemba hadi Machi hivi, kusi ni katikati ya mwaka. Dau linalotoka Pemba kuja Unguja mwezi wa Januari lina upepo nyuma yake. La Julai linapigana nao, na abiria wa fundi upepo watalipa zaidi.

Maneno ya amri niyaandike kwa lugha gani? Nimejaribu Kiarabu, mke wangu akanionya. Nimebuni maneno yasiyo na maana, yakanichosha mwenyewe. Makunduchi.

Bwana, mkeo amekuonya vyema. Aya, dua na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, ni vitu ambavyo watu huviendea wakiwa na mgonjwa mikononi, visitiwe kwenye mchezo. Na maneno yasiyo na maana msomaji huyaruka kuanzia mara ya tatu.

Amri zako zipo tayari, na ulizijua kabla hujajua kusoma: kitendawili. Kina wito na kiitikio, kina shindano, na kina bei, maana anayeshindwa hutoa mji. Tazama ilivyo kazini. Fundi kufuli amesimama usiku mbele ya mlango wa mti uliochongwa, njumu zake za shaba zinang'aa. Ananong'ona, "Kitendawili!" Kufuli inajibu kwa sauti ya kutu, "Tega." Akitega "Kuku wangu katagia mibani", amekwisha, hata mtoto anajua ni nanasi. Lazima atunge kipya, na hapo ndipo ufundi wako wewe mwandishi unapopimwa. Jibu liwe moja tu, liwe kitu ambacho msomaji amekwisha kukiona kurasa chache nyuma, na kila kipande cha kitendawili kikae sawasawa juu ya kitu chenyewe. Mathalan: "Namkalia mgongoni, namlisha kinywani, anatema chanoni." Kufuli haijawahi kuingia jikoni, inashindwa, inatoa mji, komeo linafunguka. Jibu ni mbuzi ya nazi.

Lakini sura yako bora ni ile atakayoshindwa fundi. Kufuli inamwambia, "Nipe mji." Amechoka, anataja wa kwanza kumjia: "Chukua Makunduchi." Asubuhi anakwenda kupanda daladala arudi kwao. Utingo anaita abiria, anauona mdomo wake unatamka jina la mji, watu wanapanda, na yeye masikioni mwake hasikii jina lolote. Anauliza njia, watu wanamwonyesha kwa kidole, akifuata kidole anajikuta Darajani tena. Mama yake anampigia simu amekasirika kwamba chakula kinapoa. Hawezi kufika mpaka aurudishe mji kwa kitendawili kingine, na kufuli sasa imeanza kukaa dirisha la jikoni, inasikiliza.