Maswali yenu: Tao, kaunsela na mambo ya kutolazimisha

"Anti, kaunsela wangu ananyamaza sana. Hivi nalipia kimya?"

Hahaha hela inauma, nakuelewa. Ila yule Mmarekani Carl Rogers, ambaye makaunsela wengi wanafuata staili yake ya kusikiliza bila kukuelekeza, alifika China mwaka 1922 akiwa bado kijana wa chuo, na baadaye sana alipenda kumnukuu Laozi, mzee wa Kichina anayesemekana kuandika Tao Te Ching, kitabu cha zamani cha falsafa ya Tao, yaani "njia". Sura ya 11 ya kile kitabu ina habari ya chungu, kwamba udongo ndo unafinyangwa lakini kinachokufaa ni ule uwazi wa ndani. Kimya chake ndo huo uwazi, mimina. Kama anachati kwenye simu wakati unaongea, hicho sio kimya bwana, hama.

"Wu wei si uvivu tu huo umepewa jina zuri?"

Wengi wanasemaga hivyo, ila wu wei kwenye Tao ni kufanya mambo bila kulazimisha. Kwenye kitabu cha Zhuangzi, mzee mwingine wa Tao, kuna mpishi anaitwa Ding, anakata ng'ombe mbele ya mtawala, kisu kina miaka 19 na makali yapo kama kimetoka kunolewa sasa hivi, wakati wapishi wengine wanabadili kila mwezi kwa sababu wanapiga mfupa. Yeye anapitisha kwenye uwazi wa viungo, na akifika pagumu anapunguza spidi, anakodoa macho, anasogeza kisu kidogo kidogo mpaka nyama inaachia yenyewe puu chini kama donge la udongo. Mvivu gani huyo? Wewe kila asubuhi unajiapiza "leo sikasiriki", jioni umeshamfokea mtoto, mfupa huo unaupiga. Kaunsela anakusaidia kutafuta kiungo, hasira inaanzia wapi, kwa nani, saa ngapi.

"Nimeachwa, mwezi wa tatu huu. Nimsahau vipi haraka?"

Haraka ndo inakuponza mdogo wangu. Laozi anauliza nani anaweza kuyatuliza maji ya tope mpaka yawe meupe, na jibu lake ni kuyaacha yatulie. Sasa wewe kila ukifungua status yake unaingiza mkono kwenye ndoo. Lia, kula, na kwa kaunsela mtaje kwa jina, usimuite "yule mtu".

"Niache dawa za sonona niende na mkondo?"

Hapana! Meza, ukitaka kubadilisha ongea na daktari wako kwanza.