Umenunua mashua kuukuu? Anzia chini, tanga baadaye

Kusi ikishaanza kulegea, mwezi wa 8 kuelekea wa 9, pwani yetu ya Tanga huwa na watu wengi wenye vyombo vya kurithi au vya kununua kwa bei ya kutupa. Mtu kaikuta mashua imelala Sahare juu ya mchanga, mwenyewe kachoka nayo, wamepatana. Sasa anataka iwe majini kabla ya kaskazi. Swali la kwanza analoniuliza ni la tanga: kitambaa gani, ashonewe na nani, na rangi ipi inadumu. Jibu langu ni lile lile kila mwaka. Tanga ni la mwisho, na rangi ni ya mwisho zaidi. Pesa ya kwanza iingie mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Kama hujalipa bado, afadhali. Nenda na fundi wa vyombo, si seremala wa vitanda, hata awe hodari vipi. Angalieni vitu vitatu: mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima; fashini, mihimili ya mbele na nyuma; na mataruma, mbavu za ndani. Hivyo vikiwa vizima, mbao za ubavuni zote zinaweza kubadilishwa moja moja na chombo kikabaki kile kile. Mkuku ukiwa umeoza au umepinda, mshukuru muuzaji uondoke. Bei ya kuubadilisha inakaribia bei ya chombo kipya, na bado utakuwa na mbao kuukuu juu yake.

Nilijifunza kukagua kwa mzee mmoja fundi hapo Sahare. Nilimwonyesha ubao nikamwambia, "Mzee, huu mbona mzima?" Akanipa nyundo. "Mzima kwa macho, mwanangu. Hebu uupige." Nikapiga kuanzia omo, yaani mbele, kwenda tezi, yaani nyuma, ubao ukiitika vizuri, halafu karibu na taruma la tatu mlio ukafa. Akachomeka ncha ya kisu pale, ikaingia bila kushindana. Kulikuwa na msumari wenye kutu, na mbao yote iliyouzunguka ilikuwa nyeusi, laini, inatoka kwa kidole. Hiyo ndiyo kawaida ya chombo cha zamani: mbao huanza kufa kwenye msumari. Kwa hiyo ukiona doa jeusi linalotiririka chini ya kichwa cha msumari, usilipake rangi. Ng'oa msumari uone tundu lina hali gani.

Sehemu nyingine ya kuchokonoa ni zile ambazo maji ya mvua hutuama: chini ya mabao ya kukalia, kwenye pembe za tezi, na pale kitako cha mlingoti kinapokaa. Watu wengi huilaumu bahari, kumbe maji ya chumvi hayaozeshi mbao upesi. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyolala ndani ya chombo masika nzima. Chombo kilichokaa nchi kavu bila banda la makuti kikaguliwe mara mbili. Na chako, msimu ukiisha, kifunike. Ukimwona mzee anamwaga chumvi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kabla ya kukilaza, usimcheke.

Kuhusu malipo, usipatane kazi nzima siku ya kwanza. Hakuna fundi anayeweza kujua ndani kuna nini kabla hajafungua, na ukimlazimisha kutaja bei atataja kubwa ili ajilinde, au ndogo kisha akimbie katikati. Mlipe kwa siku wakati wa kubandua na kuchunguza. Mbao mbovu zikishajulikana, ndipo mpatane kwa kazi.

Sasa kalenda. Ratiba ya kazi hii haipangwi na wewe wala fundi, inapangwa na mwezi wa angani. Hapa kwetu bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, yakapwa sana kwenye saa 4 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ukitaka kazi ndefu, ya kutoa mbao, pandisha chombo maji ya bamvua yanapofika kileleni, ukiweke juu kabisa na kukitia magadi, magogo ya kukiegemeza. Maji yatakayofuata yatakuwa yanapungua kuelekea maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, nawe unapata karibu wiki mbili za kufanya kazi pakavu. Ukitaka kusafisha chini tu, kilaze chini zaidi: asubuhi unafanya kazi, jioni kinaelea.

Tahadhari moja. Bamvua la mwezi wa 9 huwa kubwa kuliko mengi ya mwaka. Ukikipandisha hapo hadi juu kabisa, huenda bamvua linalofuata lisikifikie, mkaanza kuchimba mchanga na kutafuta magogo na vijana wa kusukuma, na vijana hao hawasukumi kwa salamu.

Mbao ya kuziba inategemea mfuko. Mitiki ya Longuza kule Muheza ni mizuri na inavumilia maji, ila bei yake nayo unaijua. Kwa mataruma tafuta tawi la mwembe au mkorosho lililojipinda lenyewe. Taruma lililochongwa kutoka mbao iliyonyooka lina nyuzi zilizokatika, na litapasuka siku ya mawimbi. Mikoko usiikate kwa siri, ni hifadhi na inahitaji kibali. Viungo vya mbao visikutane kwenye taruma moja, mwambie fundi mapema. Na kila msumari utanguliwe na keekee, uzungushiwe pamba yenye mafuta chini ya kichwa, upigwe kutoka nje na ncha ikunjwe ndani. Msumari uliopigwa bila tundu hupasua mbao, halafu huo ufa utajazwa puti usiuone mpaka uko katikati ya Tanga na Pemba.

Kalafati, kuziba mishono ya mbao, ndiyo kazi ambayo ningependa ukae uitazame mwenyewe, hata kama hujui kushika patasi. Pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, kisha inasukumwa kwenye mshono kwa patasi butu. Mwanzoni mlio wa nyundo ni mzito. Pamba ikishika, mlio unakuwa mkali. Hapo basi. Wenye pupa huendelea kushindilia kwa sababu nyufa zinaonekana pana, lakini zimepanuka kwa sababu mbao zimekauka juani. Zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyozidi itasukuma mbao hadi misumari ilegee. Siku hizi wengine wanajaza nyuzi za nyavu mbovu na vipande vya plastiki kwa kuwa ni bure. Plastiki haivimbi. Pamba inavimba pamoja na mbao, na ndiyo maana haijapata mbadala.

Chini ya mstari wa maji kuna adui mwingine, mdudu anayetoboa mbao. Tundu lake la kuingilia ni dogo kama la sindano, lakini ndani ameshachimba njia ndefu. Dawa ya wazee bado inafanya kazi: kukwangua mwani na vijikombe vyote vilivyoganda, kuchoma chombo kwa moto wa makuti unaopitishwa haraka bila kuunguza mbao, halafu deheni, mpako wa chokaa na shahamu. Inahitaji kurudiwa mara kwa mara, na hapo ndipo watu wanaposhindwa. Rangi ya dukani ya kuzuia wadudu ni nzuri ukiimudu. Juu ya mstari wa maji, sifa, yaani mafuta ya papa, inatosha, ingawa harufu yake itakufuata mpaka Ngamiani mjini.

Chombo kikishakuwa kizima ndipo tuzungumze juu. Mlingoti uugonge vile vile ulivyogonga mbao, hasa pale inapopita henza, kamba ya kupandishia tanga. Foromali, mti unaobeba tanga, kwa kawaida ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa, kwa hiyo fungua kamba za kuunganishia na ufunge upya, usiziamini kwa kuziangalia. Kuhusu kamba, mkoa wetu ulijengwa kwa katani tangu Richard Hindorf alipoileta mwaka 1893, lakini mimi siitumii tena chomboni: inakunywa maji na inaozea ndani huku nje ikionekana nzima. Nailoni inavutika, kwa hiyo iache kwenye nanga, ambako mvuto huo unasaidia. Kwa henza na jarari, kamba inayoivuta henza, tafuta kamba isiyovutika, la sivyo foromali itakuwa inashuka kidogo kidogo na tanga kulegea, nawe unaulaumu upepo. Makapi, yaani roda za kamba, yasafishwe, ekseli zake zitiwe mafuta.

Tanga kuukuu likiwa na viraka vitatu vinne bado litakufaa kaskazi ya kwanza. Livute kwa mikono miwili karibu na pindo: likichanika, ni la kuanikia dagaa. La turubai zito linadumu, lakini kwenye upepo mdogo wa asubuhi halijai. Kwa mashua ndogo ninachagua pamba, nikilikausha kabla ya kulikunja.

Makaratasi usiyaache mwisho. TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, wanakagua usalama wa vyombo, na ukiwa mvuvi kuna leseni ya halmashauri. Jaketi za uokozi zitoshe kila kichwa, si mbili za kumwonyesha mkaguzi.

Ukishashua, chombo kitavuja. Kiache kimefungwa majini siku mbili tatu mbao zivimbe, mtu akilala humo na ndoo ya kukumba maji. Mvujo wa kwanza ukipungua kila siku, ni mzuri. Usipopungua, kuna mshono uliorukwa, utafute wakati maji yamepwa. Kisha tia farumi, uzito wa kukituliza chombo; mifuko ya mchanga ni bora kuliko mawe kwa sababu haiviringiki na haiumizi mataruma. Safari ya kwanza iwe ndani ya bandari, kuzunguka kisiwa cha Toten, ubishe upepo na ugeuze tanga mara kadhaa ukiwa bado unaiona Ras Kazone. Fundi naye umpakie, na baki ya malipo yake iwe mfukoni mwako mpaka mrudi.