Usibadilishe kamera, badilisha saa

Mdogo wangu, umesema picha zako za Jiwe la Bismarck, lile jiwe lililosimama majini Ziwa Victoria hapa Mwanza, ulizopiga Julai saa nane mchana zimefifia, anga jeupe tupu, na unauliza kama ununue kamera nyingine. Usinunue. Kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa ya Mwanza hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Hakuna lenzi inayofuta hilo.

Subiri vuli. Novemba, mvua ikishanyesha usiku, toka alfajiri. Hewa imeoshwa, ng'ambo ya ghuba inaonekana, na mawe yaliyolowa yanakuwa meusi yenye kung'aa. Mimi napenda mawe yakiwa hivyo kuliko wakati wowote mwingine. Mawingu yakitanda usirudi nyumbani, maana jua likipenya chini yake, ziwa lote linageuka shaba.

Jioni wahi. Huku karibu na ikweta jua huzama upesi, na baada ya hapo una kama dakika ishirini tu za mwanga wa kutumia. Tena halizami mahali pamoja: Juni huelekea kaskazini ya magharibi, Desemba kusini. Kwa hiyo ukitaka lishuke karibu na jiwe, badilisha mahali unaposimama kulingana na mwezi.

Na usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa majini. Weka kamera juu ya stendi, acha lenzi wazi sekunde kumi, kisha ongeza kidogo kidogo.