Mafuta ya mbao: koponi yanaganda, kwenye kiti yananata

SWALI: Nina karakana ndogo ya samani hapa Majengo, Dodoma. Safari hii nilikosa linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani, nikachanganya mafuta ya alizeti, vanishi na tapentaini kwa vipimo sawa. Viti vya mninga nilivyopaka wiki tatu zilizopita bado vinanata. Kopo la zamani la linsidi nalo, lililobaki nusu, limeganda kama jeli. Nimekosea wapi? Na hilo kopo linaokoleka?

JIBU: Fundi, matatizo yako yote mawili yana mzizi mmoja. Mafuta ya mbao hayakauki kwa kuruka hewani kama maji. Yanakauka kwa kula oksijeni ya hewa, kisha chembe zake zinashikana na kuwa ngozi ngumu. Kwenye kiti unaitaka kazi hiyo ifanyike. Koponi huitaki.

Tuanze na alizeti. Kwa kuwa inakamuliwa hapa hapa Dodoma na Singida, kishawishi ni kikubwa. Lakini mafuta hutofautiana kwa uwezo wa kushikana. Zaidi ya nusu ya linsidi kwa kawaida ni asidi ya linoleniki, inayokula oksijeni upesi sana. Alizeti karibu haina asidi hiyo, ndiyo maana inahesabiwa kuwa mafuta yanayokauka nusu. Vanishi uliyoweka inajitahidi kuyabeba, lakini theluthi nzima ya alizeti imeilemea. Kuyachemsha kwanza hakutakusaidia. Linsidi inayouzwa kama “iliyochemshwa” hukauka kwa siku moja hivi kwa sababu kiwandani hutiwa chumvi za madini kama kobalti au manganizi. Moto wa sufuria hauziweki, unakuachia mafuta mazito na hatari ya kuunguza karakana.

Viti hivyo vifute kwa kitambaa chenye tapentaini, ukibadilisha upande wa kitambaa mara kwa mara, uviache penye hewa siku tatu au nne. Sehemu itakayobaki inanata ikwangue kwa kipande cha kioo, piga msasa namba 220, kisha anza upya.

Mchanganyiko wa kuanzia: linsidi iliyochemshwa mililita 200, vanishi ya mafuta mililita 200, tapentaini mililita 200. Koroga linsidi na vanishi kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo umimine tapentaini kidogo kidogo. Koroga kwa kijiti, usitikise, maana mapovu yatakufuata hadi kwenye mbao. Vanishi iwe ile inayozimuliwa kwa tapentaini. Ya maji haitashikana na mafuta, na ile ya kuchanganya kopo mbili iache kabisa. Tina ya kupulizia, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi ya kupuliza, nayo si mbadala wa tapentaini: inaruka upesi mno na inaweza kuikata vanishi ikawa madonge.

Paka kwa wingi, subiri dakika 15 hadi 20, halafu futa yote yaliyobaki juu mpaka mkono upite bila kuteleza. Wengi wanaharibu hapa: wanaacha safu nene wakidhani itang’aa zaidi, kumbe juu inashika ngozi na chini inabaki mbichi. Rudia baada ya siku moja, mara tatu. Miezi ya upepo, karibu Juni hadi Oktoba, paka jioni upepo ukitulia, la sivyo vumbi la Dodoma litakuwa sehemu ya vanishi.

Sasa kopo. Kopo la lita moja lililobaki nusu lina nusu lita ya hewa, na kila ukilifungua unaingiza nyingine mpya. Liweke chini ya bati la mchana na kazi inakwenda mbio zaidi. Kabla ya kulitupa, chota kijiko kimoja, tia kijiko cha tapentaini, koroga. Ikiyeyuka laini, kilichopotea ni kizimulisho tu, rudisha kidogo. Ikibaki vipande kama uji uliokatika, mafuta yameshashikana na hakuna kizimulisho cha kuyarudisha. La kwako, kwa maelezo yako, ni la pili. Lingekuwa na utando wa juu tu, ungeukata pembeni ukautoa mzima na kuchuja kilicho chini kwa kipande cha chandarua.

Dawa ni kuchanganya cha wiki mbili tu na kuhamishia kinachobaki kwenye chupa za glasi ndogo zinazojaa hadi shingoni. Chupa isipojaa, dumbukiza golori safi mpaka kimiminika kipande juu. Futa mdomo, funga sana, weka sakafuni kwenye kivuli, mbali na jiko, maana mvuke wa tapentaini unaweza kushika moto kwenye joto la 35°C hivi. Andika jina na tarehe. Chupa za maji ya kunywa usitumie hata kama ziko tele. Mtoto hasomi lebo.

Ukitaka kutia nta ya nyuki kwa ajili ya miko na bakuli, tumia linsidi mbichi isiyo na chumvi za madini: gramu 100 za nta kwa mililita 400. Nta inayeyuka kwenye 62 hadi 64°C, kwa hiyo sufuria ndani ya sufuria ya maji ya moto inatosha. Hapa tapentaini isikaribie. Vyombo hivyo vipe wiki kadhaa vikauke.

Na vitambaa. Kitambaa chenye linsidi kikikunjwa au kurushwa kwenye maranda, joto la kule kula oksijeni halina pa kutokea, linajilimbikiza mpaka kitambaa kinawaka chenyewe, bila kiberiti, pengine saa kadhaa baada ya wewe kufunga mlango. Vitandaze nje kimoja kimoja kwenye waya mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Fanya hivyo kabla ya kunawa mikono.