Kujitolea Ujerumani: huyo wakala usimtumie hela

Mdogo wangu wa Igoma, nimekusoma. Umemaliza stashahada ya afya ya jamii, unataka mwaka mmoja wa kujitolea Ujerumani, na kuna mtu anadai milioni moja na nusu "ya nafasi" kabla ya Ijumaa. Usitume hata shilingi.

Nimewahi kwenda, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mpango wa weltwärts, yaani mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, ambao tangu 2013 hupokea pia vijana wa kwetu, ni wa miaka 18 hadi 28. Malazi, chakula, bima na hela ya matumizi hugharamiwa, nafasi haiuzwi. Anzia hapo hapo Mwanza: Würzburg ni jiji rafiki letu tangu 1966, kwa hiyo ulizia ofisi za jiji, makanisani, na kwa waliokwisha kwenda. Viza utaiomba mwenyewe, ubalozini Dar es Salaam.

Kilichonitesa ni lugha. Bibi mmoja alikuwa akiniita usiku analia, nami sielewi anaumwa wapi. Bado inaniuma. Anza Kijerumani sasa, usisubiri barua ya kukubaliwa.

Stashahada yako peke yake haikupi ruhusa ya kuchoma sindano kule. Utalisha, utaogesha, utakaa na watu. Wakikulazimisha zaidi ya hapo, kataa na uliarifu shirika lililokupeleka.

Umekulia ziwani, basi pima kichocho kabla ya safari. Dawa yake ipo, na daktari ndiye akupangie dozi.

Kama hela imeshatoka, peleka meseji za muamala polisi leo.